Uso wa Mama ndani ya namba



Mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake. Picha ya kuweka kwenye msiba ilipatikana moja tu: Mama amesimama mbele ya ukuta wa chokaa, jua la saa sita linawaka, na picha yenyewe imeshazunguka kwenye magrupu ya simu hata hatujui mara ngapi. Tukaenda kuikuza Lumbadzi. Ukuta ukatoka mweupe pe, uso wa Mama ukatoka kama kivuli. Fundi akaongeza mwanga, vikatokea viboksi vya kijivu kwenye mashavu. Mwenzetu akauliza: sasa uso umeenda wapi? Ili tumjibu, ilibidi turudi nyuma mpaka 1957.

Mwaka ule, huko Marekani, Russell Kirsch na wenzake kwenye ofisi ya serikali ya vipimo waliviringisha picha kwenye pipa linalozunguka, wakaisoma kwa mwanga na kuiingiza kwenye kompyuta yao, SEAC. Ilikuwa picha ya mtoto wake Kirsch, Walden, wa miezi mitatu. Waliigawa nukta 176 kwa 176, yaani 30,976. Kila nukta, ndiyo tunaita pikseli, ilipewa jibu moja tu: nyeusi au nyeupe, 0 au 1. Hapo hapo wakaona shida. Shavu la mtoto si jeusi wala si jeupe, kwa hiyo kivuli chake kilipotea. Ikabidi waisome picha mara kadhaa kwa viwango tofauti vya mwanga, halafu wazipange juu ya nyingine, ndiyo kijivu kikapatikana.

Baadaye kumbukumbu za kompyuta zikaongezeka. Mwaka 1973 Richard Shoup, akiwa Xerox kule California, alikuwa na programu ya kuchora, SuperPaint, ambayo kila pikseli ilikuwa na biti 8, yaani thamani 256. Simu zetu za leo kwa kawaida zinatumia namba tatu kwa kila pikseli: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kuanzia 0 mpaka 255. Zidisha 256 mara tatu utapata rangi 16,777,216. Weka tone dogo la maji kwenye skrini (dogo, tusilaumiane!) utaona vitaa vyenyewe. Hakuna taa ya njano pale. Ile nyota ya bendera ya Kongo ni nyekundu na kijani zimewaka pamoja, macho yako yanazichanganya. Na mstari mweusi wa bendera ya Malawi ni sehemu ambayo namba zote ni 0.

Hapa ndipo uso wa Mama ulipopatia shida. Kamera iliangalia ule ukuta, ikapunguza mwanga ili ukuta usiungue. Tulipofungua picha kwenye kompyuta ya kikundi, ukuta ulikuwa karibu 255, na uso wote ulibanwa kati ya 15 na 30. Tofauti ya shavu na pua ilikuwa namba mbili tatu. Halafu kuna JPEG, njia ya kupunguza uzito wa picha iliyopitishwa mwaka 1992. Inakata picha katika viboksi vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila kiboksi inatupa tofauti ndogo ndogo ambazo inadhani jicho halitaziona. Kila picha inapobanwa upya, nyingine zinatupwa. Kwenye ukuta hakuna aliyepoteza kitu. Kwenye uso mweusi uliopigwa gizani, zile tofauti ndogo ndizo zilikuwa pua, mdomo na mikunjo ya macho. Vile viboksi alivyovitoa fundi havikuwa kosa lake, ndivyo vilivyokuwa vimebaki.

Tukakumbuka kitu kingine. Mwishoni mwa 2013 UNHCR walijaribu mfumo wao mpya wa utambulisho hapa hapa Dzaleka: alama za vidole, picha ya uso, na macho yote mawili. Wengi wetu tulikuwa watoto, tuliambiwa tusipepese. Kamera za kusoma jicho namna ile hutumia mwanga wa infraredi, ambao hatuuoni, kwa sababu kwenye mwanga wa kawaida michoro ya jicho la kahawia haionekani vizuri. Na njia maarufu ya kuandika jicho, ya John Daugman wa Cambridge, inatumia biti 2,048 tu. Nafasi hiyo haitoshi hata pikseli 86 za rangi. Yaani kwa jicho letu, wataalamu walikaa wakafikiri ni mwanga gani unalifaa. Kwa uso wa Mama mbele ya ukuta, hakuna aliyefikiri, hata sisi wenyewe.

Mwenzetu alipiga simu mpaka akampata mjomba wake wa Lilongwe, ndiye aliyepiga ile picha. Memori kadi alikuwa nayo bado, na picha ilikuwa haijapita kwenye grupu lolote. Uso ulikuwa na giza lile lile, lakini namba zilikuwa zimetawanyika kidogo, viboksi havikuwepo. Tuliziinua taratibu jioni nzima, tukaacha ukuta uungue upendavyo. Rangi ya ngozi haikurudi sawasawa. Lakini hereni ya kushoto ilionekana, na lile pengo la meno ambalo Mama alikuwa analificha akicheka.

Tumechapisha nakala tatu.