Usukani wa gemu: digrii 900 au 540?

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinizidi. Jumamosi hapa Kaloleni mpwa wangu alikuja na usukani wa gemu wa mtumba. "Anko, niweke digrii ngapi?" Swali fupi, lakini lina historia.

Mwaka 2000 gemu ya Colin McRae Rally 2.0 ilitoka ikiwa na barabara za Kenya. McRae mwenyewe alishinda Safari Rally mwaka 1997, 1999 na 2002. Usukani mwingi wa siku hizo haukutimiza hata mzunguko mmoja: ukiugusa tu, gari liko mtaroni! Dawa yetu ilikuwa kuupunguzia ukali karibu na katikati. Udanganyifu huo, ila ulisaidia...

Kisha Logitech wakaleta Driving Force Pro ya digrii 900, yaani mizunguko miwili na nusu, kama gari la kawaida. Nikaamini nyingi ndiyo bora, na nikabaki hapo miaka mingi. Nilikosea. Magari mengi ya rali ya kisasa hutumia kama digrii 540, ili dereva asigombane na mikono yake kwenye kona kali.

Nililigundua hilo kwenye WRC 9, iliyotoka 2020 ikiwa na Kenya, mwaka ambao Safari yenyewe iliahirishwa kwa sababu ya korona. Magari halisi yalifika Naivasha 2021. Sisi tulishatimua vumbi sebuleni.

Kijana akaweka 540, akaondoa na lile pengo la katikati ambapo usukani hausomi kitu. Jioni alikuwa amevunja rekodi yangu. Nimedai marudio.