Picha Iliyo Chini ya Mistari: Ramani za Mashamba ya Bugeshi

Sekta ya Bugeshi, wilayani Rubavu, iko pembezoni kabisa mwa Rwanda, chini ya Karisimbi, mlima wa mita 4,507. Wakoloni walipitisha mpaka wao kileleni pake kwa mkataba wa Brussels wa mwaka 1910, na mwaka uliofuata tume yao ikaja kuweka alama. Mipaka ya wakulima haikupata tume. Ilibaki kwenye mawe meusi ya volkano yaliyopangwa kando ya viazi, kwenye ua wa mimea na katika kumbukumbu za wazee.

Sheria ya ardhi ya 2005 ndiyo iliyoagiza mashamba yasajiliwe. Kupima nchi nzima kipande kwa kipande kwa vyombo vya wapima ardhi kungekula miaka na fedha nyingi mno, hivyo mwaka 2008 na 2009 Rwanda ilipigwa picha kutoka angani, kila nukta ikibeba sentimita 25 za ardhi. Picha zilisahihishwa kwa hesabu, kwa kuwa miteremko hupotosha umbali, kisha zikachapishwa kwenye karatasi kubwa. Vijana waliopewa mafunzo walizipeleka mashambani. Majirani walisimama mpakani, wakakubaliana, na kalamu ikapita juu ya picha.

Huo ndio uzuri wa kazi ile. Mkulima ambaye hajawahi kushika ramani aliweza kulitambua paa la nyumba yake, njia ya kisimani na mti wa jirani, akasema mwenyewe shamba lake linaishia wapi.

Ofisini karatasi ziliskaniwa, zikarudishwa kwenye majira yake ya kijiografia, na mistari ikachorwa upya kwenye kompyuta. Hadi mwaka 2013 vipande zaidi ya milioni 10 vilikuwa vimewekewa mipaka nchini.

Kuchora juu ya picha si jambo jipya: zamani mchoraji alitandaza karatasi angavu juu yake. AutoCAD, programu ya uchoraji iliyotoka mwaka 1982, ilikaa miaka 15 ndipo toleo lake la 14 likaruhusu picha kuwekwa chini ya mistari. Hata hivyo picha haiingii ndani ya mchoro. Mchoro hukumbuka tu faili liko wapi, picha ianzie wapi, ukubwa wake na pembe yake. Na mara nyingi faili dogo la maandishi, lenye mistari sita ya tarakimu, ndilo linaloifunga picha hiyo na ardhi halisi. Programu za ramani nazo hufuata kanuni hiyo hiyo. Folda ikihamishwa au jina likibadilishwa, anayefungua mchoro hukuta fremu tupu.

Hasara ya kuikosa picha ni kubwa. Ndugu wawili wakigombania mita moja ya udongo wa Bugeshi, mstari peke yake hausemi kama ulifuata ukuta wa mawe au mtaro wa maji. Picha ya angani inaweza kusema. Kwa hiyo anayekabidhi mchoro wa ardhi akabidhi na picha zake pamoja na faili la tarakimu, vyote katika folda moja, na aufungue mchoro kwenye kompyuta nyingine kabla ya kutia sahihi.