Luga na mawazo: kazi ya mapadri watatu

Tangu zamani wenye hekima wanajiuliza: je, luga ndiyo inafanya mawazo yetu, ao mawazo ndiyo yanafanya luga? Ulizo hili si mchezo wa shule tu. Padri anayehubiri, katekista anayefundisha wakatekumeni, museminari anayesoma filozofia kwa Kifaransa na kuota ndoto kwa luga ya mama yake, wote wanakutana nalo kila siku. Kusudi tulijibu vema, tuangalie mapadri watatu waliolishika mbele yetu katika inchi zetu, kila mumoja kwa njia yake.

Wa kwanza ni Stefano Kaoze. Alikuwa Mutabwa, mutu wa upande wa Ziwa Tanganika. Alilelewa na Mapadri Weupe, na tarehe 21 ya mwezi wa saba 1917 alipewa upadri kule Baudouinville, ndiyo Moba ya leo. Ndiye padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi zetu. Lakini mbele ya kupata upadri, akingali museminari, aliandika kwa Kifaransa maelezo juu ya akili na roho ya Wabantu, na karibu na mwaka 1911 gazeti moja la Ubelgiji liliyachapa.

Tufahamu vizuri siku zile. Mwaka 1910 mwalimu mumoja wa Ufaransa, Lucien Lévy-Bruhl, alitoa kitabu juu ya akili ya watu aliowaita wa chini. Alisema luga zao zina maneno mengi ya vitu vinavyoonekana, lakini ni maskini kwa mambo yasiyoonekana. Kumbe, wakati uleule, kijana wa Marungu alikuwa akiandika juu ya akili na mapenzi ya watu wake, naye ni mumoja wao! Na sisi tunaweza kuongeza ushuhuda wa luga zenyewe. Tazama silabi moja tu, u. Kutoka mutu tunapata utu. Kutoka mutumwa, utumwa. Kutoka ndugu, undugu. Kutoka mutakatifu, utakatifu. Mutoto wa miaka mitano anaweza kutengeneza jina la kitu kisichoonekana bila kufundishwa na mutu. Luga yenye mulango kama huo haiwezi kuitwa maskini.

Wa pili ni Placide Tempels, Mufransiskani wa Ubelgiji, aliyefika Kongo mwaka 1933 na kukaa katikati ya Waluba wa Katanga. Aliandika kwa Kiflama, na mwaka 1945 kitabu chake juu ya filozofia ya Wabantu kilichapwa kwa Kifaransa kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Padri huyu alisikiliza namna watu wanavyosalimiana, wanavyopeana pole, wanavyoomba dawa na baraka. Akaona kwamba neno la nguvu, nguvu ya uhai, linarudi pahali pote. Akasema: pale mwalimu wa Ulaya anaposema «kuwa», Muluba anasikia «nguvu», na nguvu hiyo inaweza kuongezeka ao kupunguka, mutu anaipokea kwa wazazi na kuitia ndani ya watoto.

Wengi walikubali maneno hayo kwa furaha, wengine waliyakataa. Lakini kuna tunda lingine la kazi yake, nalo lilizaliwa katika Kiswahili chetu. Kuanzia mwaka 1953, karibu na Kolwezi, Tempels aliketi pamoja na wafanyakazi wa migodi na wake zao, na pale ilianza Jamaa. Mafundisho yao yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Kwao uzazi haukuwa kuzaa watoto wa mwili tu. Bwana na bibi walizaliana katika imani, na padri alizaliwa pamoja nao. Ni kweli, katika miaka iliyofuata vikundi vingine vilipotea njia na maaskofu walilazimishwa kuonya. Lakini tusisahau jambo hili: watu wasiosoma vitabu vingi walichukua maneno ya nyumba zao, wakayafungua, wakakuta ndani yake mawazo mapya.

Wa tatu ni Alexis Kagame wa Rwanda, aliyezaliwa mwaka 1912 na kupewa upadri mwaka 1941. Alisoma Roma, katika Chuo Kikuu cha Gregoriana, na mwaka 1956 kitabu chake kikubwa juu ya filozofia ya Wabantu wa Rwanda kilichapwa Bruxelles. Tempels alisikiliza desturi na maneno. Kagame alishika sarufi yenyewe. Aliona kwamba Kinyarwanda kinapanga vitu vyote juu ya shina moja, ntu: umuntu ni kitu chenye akili, ikintu ni kitu kisicho na akili, ahantu ni pahali na wakati, ukuntu ni namna. Kwake, hayo ndiyo mafungu manne ya vyote vilivyo, kama Aristoteles alivyohesabu mafungu kumi kwa Wagiriki. Mwaka 1976 alitoa kitabu kingine, akilinganisha luga nyingi za Kibantu.

Kagame alionyesha tena jambo lingine. René Descartes alijenga filozofia yake juu ya neno hili: kwa sababu anafikiri, basi yeye yuko. Katika luga zetu musemo huo hausimami wenyewe. Sema kwa Kiswahili «ninafikiri, basi niko». Anayekusikia atangojea mwisho: uko wapi? uko nani? uko na nani? Kwetu, kuwa ni kuwa pahali, ao kuwa kitu fulani, ao kuwa pamoja. Hata kwa mali tunasema «niko na shamba», maana yake tuko pamoja nalo.

Je, tuseme basi kwamba luga imetufunga, na kwamba Mubantu hawezi kufahamu «kuwa» peke yake? Hapana. Hapa tunapaswa kuangalia sana. Kama fungu la neno ndilo linaonyesha kitu ni nini, tutafanya nini na kipofu, kiziwi na kiongozi? Wamo katika fungu moja na kiti na kisu, lakini hakuna anayewaza kwamba ni vitu bila akili. Na jina la Mungu mwenyewe? Wingi wake ni miungu, kama vile muti na miti. Lakini hatusemi «Mungu unatupenda», tunasema «Mungu anatupenda». Mawazo yameshinda sarufi, yakailazimisha kugeuka.

Ulizo hilohilo liliwapata Wagiriki. Mwaka 1958 Émile Benveniste, mwalimu wa luga wa Ufaransa, aliandika kwamba mafungu kumi ya Aristoteles yanafuata sarufi ya Kigiriki. Kwa kuonyesha kwamba si luga zote zinafanya hivyo, alitoa mufano wa Kiewe cha Togo, ambacho kina maneno matano pale Kigiriki kinapotumia «kuwa» moja. Basi, si Mwafrika peke yake anayefuata njia ya luga yake. Aristoteles alifuata yake. Na Kilatini cha walimu wetu kilipaswa kutengeneza neno essentia kusudi kipokee mawazo ya Wagiriki. Hata Kilatini kilisumbuka mbele ya kufahamu.

Luga ni kama njia ya porini. Mababu wameikanyaga, na mutu akitoka nyumbani muguu wake unaifuata bila kufikiri. Lakini mwenye panga anaweza kufungua njia nyingine. Kaoze, Tempels na Kagame walitufundisha kuijua njia ile ya kwanza. Anayewaza kwamba imekwisha, yeye anasimama pale mababu waliposimama. Anayeidharau na kupita katika njia ya wengine tu, yeye anafika peke yake, bila watu wake.

Ndiyo sababu hubiri lililoandikwa kwanza kwa Kifaransa na kugeuzwa neno kwa neno linapita juu ya vichwa. Maneno ni ya Kiswahili, lakini mawazo hayajazaliwa ndani yake. Museminari anayeandika kitabuni mwake namna wazee wa kwao wanavyosema kusamehe, kurizi na kubariki, anafanya kazi ya teologia, hata kama hakuna mutihani wa kazi ile. Na katekista wa kijiji anayetafuta muda mrefu neno moja la kusema neema ya Mungu, mpaka mwanamuke muzee anatikisa kichwa na kusema «sasa nimesikia», huyo ameingia katika kazi ileile ya mapadri wale watatu.