Magitaa Mawili ya Mwaka 1962

Asikilizaye muziki aghalabu huifuata sauti ya mwimbaji. Sauti ya chini inayoubeba wimbo huisikia pasipo kujua kuwa anaisikia. Sauti hiyo, iitwayo besi, ina historia yake, na ndani ya historia hiyo mna swali linalomhusu mwanafunzi wa sanaa yo yote. Je, sauti ya msanii hutoka katika chombo chake au katika nafsi yake? Wako wasemao kuwa chombo ndicho kila kitu. Wako wasemao kuwa chombo si kitu mbele ya mkono. Magitaa mawili ya mwaka mmoja, kazi ya kiwanda kimoja, yatatusaidia kuzipima kauli hizo.

Kabla ya miaka ya 1950 mpiga besi wa Marekani alitumia hasa besi kubwa ya kusimama, ala ya mbao inayomzidi mtu kimo, nzito safarini na dhaifu mbele ya ngoma na tarumbeta. Shingo yake haina alama. Kidole hutafuta mahali pake kwa kuongozwa na sikio. Mwaka 1951 Leo Fender wa California alitoa gitaa la besi la umeme, akaliita Precision, yaani usahihi. Jina hilo lilikuwa na sababu: shingoni alipanga vijiti vyembamba vya chuma, na kila kijiti kikawa mpaka wa sauti, hata kidole kisipotee. Chini ya nyuzi aliweka sumaku ya kunasa mtetemo na kuupeleka kwenye kikuza sauti. Mwaka 1960 akaongeza gitaa la pili, Jazz Bass, lenye sumaku mbili, moja ikiwa karibu na daraja la nyuzi.

James Jamerson, mzaliwa wa South Carolina aliyehamia Detroit mwaka 1954, alijifunza kwanza besi ya kusimama. Katika studio ya kampuni ya Motown alishika Precision, na lile lililojulikana zaidi lilikuwa la mwaka 1962. Nyuzi zake zilikuwa nene, zimevingirishwa utepe bapa wa chuma. Nyuzi za namna hiyo hupunguza sauti za juu na kuiacha sauti ya msingi itawale. Aliziinua mbali na shingo, hakupenda kuzibadili hata zilipochakaa, na karibu na daraja palikuwa na sponji iliyokata mlio usiendelee mno. Alizivuta kwa kidole kimoja cha shahada, desturi aliyotoka nayo katika besi ya kusimama. Kwa hiyo kila sauti yake ilidunda, ikanyamaza, ikaipisha inayofuata. Santuri ya My Girl, iliyorekodiwa mwaka 1964, ni ushahidi mzuri wa jambo hili.

Jaco Pastorius, aliyekulia Florida, alitumia Jazz Bass la mwaka 1962. Vijiti vya shingo yake vilikuwa vimeng'olewa, nafasi zake zikazibwa, na ubao ukapakwa gundi ngumu itumikayo kwenye mashua, ili nyuzi zisiule. Nyuzi zenyewe zilivingirishwa waya wa mviringo, ambao hung'arisha mlio. Naye alitegemea zaidi sumaku ya karibu na daraja, mahali ambapo sauti za juu hunaswa kwa wingi. Hivyo besi yake iliteleza na kuimba kama koo la mtu. Katika Portrait of Tracy, ya mwaka 1976, karibu kipande chote ni sauti nyembamba zitokazo uzi unapoguswa tu pasipo kubanwa. Kipande hicho kikipigwa kwa nyuzi kuukuu za Jamerson, zilizozibwa kwa sponji, sehemu kubwa yake ingepotea. Wasemao kuwa chombo si kitu wana jibu lao hapo.

Walakini wasemao kuwa chombo ndicho kila kitu wana jibu lao pia. Kiwanda ni kimoja, mwaka ni mmoja, urefu wa uzi ni ule ule wa inchi 34. Tofauti kubwa ililetwa na mambo ambayo wapigaji wenyewe waliyachagua. Tena tukitazama zaidi tunaona ajabu. Pastorius naye aliwahi kuwa na besi ya kusimama, ikaharibiwa na unyevu wa Florida. Wote wawili waliitafuta ala ile ya kale ndani ya ala mpya: mmoja alitaka mdundo wake, mwingine alitaka mteremko wa sauti yake. Pastorius aliondoa kile kile ambacho Fender alikiita usahihi, akarudisha usahihi kwenye sikio.

Gitaa la Jamerson liliibiwa siku chache kabla ya kifo chake mwaka 1983. La Pastorius liliibiwa New York mwaka 1986, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Wezi walichukua mbao, nyuzi na sumaku. Wahenga walisema: chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Gitaa huweka mipaka ya sauti iwezekanayo. Lakini sikio lililokwisha kupenda sauti fulani ndilo huchagua gitaa, hulibadili, na pengine hulivunja ili liseme.