Miguu Yenye Haraka

Namwomba mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matatu: haraka, ushahidi, hukumu. Yasomeni kwa sauti. Hayo ndiyo somo letu la leo.

Katika Kitabu cha Mithali, baba anamwonya mwanawe asifuatane na watu wanaomshawishi kumvizia asiye na kosa na kugawana mali yake. Watu hao, asema, hukimbilia uovu, na mwisho hunaswa katika mtego wao wenyewe. Nabii Isaya aliwalaumu watu wa taifa lake kwa jambo hilo hilo, na Mtume Paulo akalirudia katika waraka wake kwa Warumi. Wote watatu wanataja miguu. Kwa nini miguu? Kwa sababu mwovu hangoji kuuliza. Amekwisha kuondoka.

Sasa tuje kwetu Usukuma. Hesabu ya serikali ilionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa kushukiwa uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Siku hizo Maswa ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012.

Bibi kizee aliweza kushukiwa kwa sababu ya macho mekundu tu. Lakini ninyi akina mama mnajua: kuni zikiwa haba, watu hupikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake huumiza macho miaka mingi. Mtoto alikufa kwa homa, ramli ikapigwa, jina likatajwa, mapanga yakatoka usiku. Hakuna aliyeuliza juu ya moshi. Na mara nyingine nyuma ya ramli kulikuwa na shamba la urithi.

Mwaka 1976 serikali iliazimia kuyakomesha mauaji hayo. Nia ilikuwa njema, lakini na hapo haraka iliingia. Watu wengi walikamatwa, wakateswa ili waungame, na baadhi yao wakafa wakiwa kizuizini. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Si yeye aliyewapiga watu wale, lakini kazi ilikuwa ya wizara yake, naye akaichukua dhamana. Mwaka 1985 alichaguliwa kuwa Rais.

Miaka ya mwanzo ya 1980 wanavijiji wa Usukuma walianzisha Sungusungu, kwa pinde na mishale, wapambane na wezi wa ng'ombe. Wengi waliwashukuru. Hata hivyo, mahali pengine wazee walioshukiwa uchawi walipigwa na kufukuzwa makwao.

Je, mmeona? Aliyeshika panga usiku alijiona anaiokoa jamaa yake. Aliyemtesa mahabusu alijiona anailinda sheria. Mwenye upinde alijiona anakilinda kijiji. Hakuna hata mmoja aliyejiita mwovu. Kwa hiyo onyo la Mithali si la wanyang'anyi peke yao. Ni langu na lako pia, siku ile mwano utakapopigwa na watu wote wakaanza kukimbia.

Siku hiyo, ndugu yangu, kimbia ukamlinde mtu asiuawe. Mshukiwa apelekwe polisi, ushahidi usikilizwe, na hukumu itolewe mahakamani. Ng'ombe aliyeibwa aweza kulipwa. Bibi aliyeuawa hawezi kurudishwa.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini macho mekundu si ushahidi?
2. Waziri alijiuzulu kwa sababu gani? Je, alifanya vema?
3. Mwano ukipigwa leo usiku, wewe utafanya nini kwanza?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.