Connie Hawkins na Adhabu Isiyo na Kesi

Kila ubaguzi unapotajwa katika ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, watetezi wa ligi hukimbilia mfano uleule: mwaka 2014 kamishna Adam Silver alimfungia maisha Donald Sterling, mmiliki wa Los Angeles Clippers, na kumtoza faini ya dola milioni 2.5 kwa kauli zake dhidi ya Weusi. Sawa. Lakini Sterling alikuwa tajiri, na sauti yake ilikuwa imerekodiwa. Swali ni jinsi ligi inavyomtendea asiye na kitu, tena pasipo ushahidi.

Kuna hukumu moja ya mwaka 1961 ambayo waandishi wa michezo huiruka. Jack Molinas, Mzungu aliyechezea Fort Wayne Pistons, alifungiwa mwaka 1954 baada ya kukiri kwamba alikuwa akizibetia mechi za timu yake mwenyewe. Aliishtaki ligi akashindwa. Jaji Irving Kaufman alisema ligi ina haki ya kujikinga na kamari. Sina ugomvi na jaji. Ila hukumu hiyo ilisimama juu ya maungamo ya mshtakiwa.

Mwaka huohuo wa 1961 Molinas alikuwa akiendesha mtandao wa kupanga matokeo ya mechi za vyuo, na humo likaibuka jina la Connie Hawkins, kijana Mweusi wa Brooklyn aliyekuwa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Iowa. Wapelelezi wa New York walimhoji kwa siku kadhaa bila wakili. Kosa lake? Alikopa dola 200 kwa Molinas, na kaka yake alizirudisha kabla kashfa haijalipuka. Hakushtakiwa kamwe. Kwa kanuni za wakati ule, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa hata kuchezea timu kuu ya chuo. Angeuza mechi ipi? Hata hivyo chuo kilimwondoa, na NBA ikamfungia mlango.

Akazunguka na Harlem Globetrotters, kisha akaipa Pittsburgh Pipers ubingwa wa ligi pinzani ya ABA mwaka 1968. Mwaka 1966 mawakili David na Roslyn Litman walikuwa wameishtaki NBA kwa niaba yake. Mwaka 1969 ligi ikakubali suluhu ya zaidi ya dola milioni moja, na akaingia Phoenix Suns akiwa na miaka 27. Katika msimu wake wa kwanza alichaguliwa katika kikosi bora cha ligi. Miaka minane ilikuwa imekwenda, na magoti nayo.

Wapo wanaojibu kwamba Doug Moe, Mzungu, naye alifungiwa katika kashfa hiyohiyo. Ni kweli, na ni jibu la kuheshimu: utaratibu ulikuwa mbovu kwa wote. Lakini Moe alikiri kupokea dola 75 kutoka kwa wapanga mechi, ingawa alikataa kuuza mchezo. Hawkins na mwenzake wa Brooklyn, Roger Brown, walinyimwa ajira kwa tuhuma tu. Hapo ndipo rangi na umaskini vinapofanya kazi: havihitaji kuandikwa kwenye kanuni.

Hoja ya kulinganisha vifungo vya rabsha, mathalani mechi 86 alizokosa Ron Artest, Mweusi wa NBA, baada ya vurugu za Detroit za 2004 na 20 za Todd Bertuzzi, Mzungu wa mpira wa magongo wa barafuni, mwaka huohuo, hainishawishi sana. Michezo miwili, makamishna wawili.

Ushahidi mzito ni wa wanauchumi Joseph Price na Justin Wolfers. Walichambua misimu ya kuanzia 1991/92 hadi 2003/04 wakaona kwamba mchezaji huhesabiwa madhambi zaidi, hadi asilimia 4, waamuzi wanapokuwa wa rangi tofauti na yake. Ligi ilipinga vikali. Lakini matokeo hayo yalipotangazwa sana mwaka 2007, upendeleo huo haukuonekana tena katika misimu iliyofuata.

Kwa hiyo ligi, ya Marekani au ya kwetu, ichapishe sababu na ushahidi wa kila adhabu inayotoa. Isiyotaka kuchapisha isidai kwamba haina upendeleo.