Kindu–Kinshasa kwa ndeke: kilomita na masaa

Toka Kindu mpaka uwanja wa N'djili, Kinshasa, ni kama kilomita 1170 hewani. Ndeke yenye mwendo wa kilomita 700 kwa saa, ukihesabu na kupaa na kutua, inachukua karibu masaa mawili. Lakini Maniema inatangulia Kinshasa kwa saa moja: ukiruka saa sita ya Kindu, unatua saa saba ya kule. Kurudi, ukitoka saa sita unafika saa tisa.

Kwa mtu wa Kasongo, kazi ni kufika Kindu kwanza. Hewani haifiki hata kilomita 200, ila pikipiki inapita kwenye matope, tena kuna Lualaba ya kuvuka. Wakati wa mvua, siku moja inaweza isitoshe. Mwenye kupeleka mgonjwa Kinshasa ahesabu siku hizo mbele ya kununua tiketi.